Mwenzangu Yuko Njiani

Mtaa mzima ulimwita Mama Chiriku, na hakuna aliyefikiria kumbadilishia jina hata baada ya Chiriku mwenyewe kufa. Ungemwitaje? Jina la mtoto ukishalivaa limekukaa, na yeye hakuwa na mtoto wa pili wa kumpa jina jingine. Basi watu walipita mbele ya chumba chake cha ushonaji wakasema, "Za asubuhi, Mama Chiriku," naye akajibu, "Nzuri tu," huku mguu unakanyaga cherehani. Jina la marehemu likaendelea kutembea mtaani likisalimiwa na kila mtu. Mimi husema balaa lilianzia hapo. Wenzangu hunikatalia, lakini wao nao wana lao la kusema kila siku.

Alikuwa fundi wa sare za shule. Chumba chake kilikuwa kimoja, na kilikatwa katikati kwa pazia. Mbele kulikuwa na cherehani na meza ya kukatia vitambaa, nyuma kitanda na jiko. Chiriku alilelewa chini ya meza ile, akiokota pini kwa sumaku na kupiga soga. Na hilo jina hakupewa bure. Mtoto yule aliongea na wateja, akaongea na vifungo, akaongea hadi na pasi. Mama yake akimwambia, "Wewe, hebu upumzishe huo mdomo," anajibu, "Nikiupumzisha utalala, Mama."

Alipotimiza umri wa kuingia skauti wadogo, mtoto aling'ang'ania mpaka mama akasalimu amri. Akampeleka Jumamosi moja, akakuta skafu za watoto zimefumuka pindo, zinaning'inia nyuzi. Fundi haoni kitu kama hicho akanyamaza. Akazibeba nyumbani, akazirudisha zimenyooka, na kiongozi wa wakati huo, mwalimu wa michezo, akamwambia, "Kaa kidogo utusaidie na mafundo." Akakaa. Mwalimu alipohamishwa, filimbi ikabaki shingoni kwa Mama Chiriku, na msaidizi wake akawa kinyozi wa pale kona, mwanamume mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

Sasa nikueleze kundi lenyewe lilivyopangwa, maana usipolijua hutaelewa yaliyotokea. Hawa walikuwa wale wadogo kabisa, ambao meno ya mbele bado hayajarudi yote. Wakubwa wenye mahema na visu vya mfukoni walikuwa na kundi lao. Wadogo walikutana Jumamosi asubuhi nyuma ya shule ya msingi, karibu na bomba la maji. Waligawanywa sita sita, kila kikundi na rangi yake: Nyekundu, Bluu, Kijani, Njano. Kila kikundi kilikuwa na kiranja, mtoto aliyetangulia wenzake kidogo, mwenye utepe mmoja begani na majivuno ya tepe kumi. Kiranja alikagua kucha na skafu, akaamua nani ashike kamba. Wakikaa duara, wakisema ahadi yao, wanaanza kazi ya siku hiyo. Labda ni fundo, labda ni kutambua majani, labda ni kumfunga mwenzako bandeji mpaka asionekane uso. Hakuna aliyefika pale akaondoka amenuna, isipokuwa aliyefungwa bandeji.

Lakini uti wa mgongo wa kundi ulikuwa wenzi. Ndani ya kila kikundi watoto walipangwa wawili wawili, na huyo uliyepangwa naye ndiye mwenzako mpaka mtakapopanda kundi la wakubwa. Wakati wa kuita majina hakuna aliyejiitikia mwenyewe. Mwalimu yule wa michezo ndiye aliyeiweka sheria hiyo, baada ya kuchoshwa na watoto wanaoitikia "Nipo!" huku wamepanda juu ya paa la choo. Kwa hiyo likiitwa jina lako, wewe nyamaza, mwenzako ndiye akujibie. "Mwenzangu yupo." Au, "Mwenzangu hayupo, anaumwa tumbo." Mtoto ilimbidi ageuke amtazame mwenzake usoni kabla ya kufungua mdomo. Na mtu akipotea, sheria ilikuwa moja tu: kaa hapohapo ulipo, usihangaike, mwenzako atawaleta watu.

Mwenzake Chiriku alikuwa Kinyonga. Huyo alikuwa mjukuu wa bibi muuza mkaa, mtoto mpole, mzito wa mguu, wa kuambiwa twende mara tatu ndipo anyanyue unyayo. Sijui ni nani aliyewaoanisha hawa wawili, lakini alijua anachofanya. Chiriku alimkamata Kinyonga mkono akamvuta kama mkokoteni, akiongea njia nzima, na Kinyonga akicheka bila sauti. Kila mara Chiriku alichelewa kufika, kwa sababu mama yake amemtuma nyuzi dukani, na jina lake likiitwa Kinyonga anasema, "Mwenzangu yuko njiani." Na kweli, mara unasikia mdomo unakuja kabla ya mwenye mdomo.

Basi mtoto akashikwa na homa, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Siongezi neno hapo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa jirani tu.

Baada ya matanga watu walidhani Mama Chiriku ataiweka filimbi chini. Wapi! Jumamosi ya kwanza huyo uwanjani, skafu imefungwa, viatu vimepigwa rangi. Kinyozi alikuwa amejiandaa kuongoza, akarudi nyuma. Mama Chiriku akaita majina kwa kichwa, bila daftari, kama alivyozoea, kikundi baada ya kikundi, mpaka Njano, ambao siku zote walikuwa wa mwisho.

"Kinyonga!"

Wa kumwitikia Kinyonga alikuwa Chiriku. Watoto wakatazama chini, kinyozi akakohoa. Ndipo Mama Chiriku mwenyewe akaitikia, kwa sauti nyembamba, ya haraka haraka: "Mwenzangu yupo!"

Kinyozi aliniapia kwamba nywele zilimsimama. Haikuwa sauti ya mtu mzima. Ilikuwa ya mtoto aliyekuja mbio, ana mengi ya kusema. Na Mama Chiriku, bila kupepesa, akaita jina la mwisho, ambalo siku zote lilikuwa la mwisho.

"Chiriku!"

Kinyonga alinyanyua uso. Alimtazama Mama Chiriku kwa muda, halafu akageuka akaitazama njia inayotoka dukani.

"Mwenzangu yuko njiani," akasema.

"Haya, asante," akasema Mama Chiriku, akapuliza filimbi, na kazi ikaanza. Siku hiyo walijifunza fundo la kuunganisha kamba mbili.

Ikawa ndiyo desturi. Kila Jumamosi jina linaitwa, sauti ile nyembamba inaitikia, jina jingine linaitwa, na Kinyonga anasema mwenzake yuko njiani. Watoto wageni waliojiunga baadaye walidhani kweli kuna mtoto anayechelewa, wakawa wanatupia macho njia. Mmoja alienda nyumbani akamwambia mama yake amemwona. Alisema amevaa sare fupi. Mama yule akamtoa mtoto wake kundini, na simlaumu.

Huko nyumbani mambo yalikuwa hayohayo. Nilipita mchana mmoja kumpelekea suruali ya mzee wangu, nikamkuta amefumua pindo la sare ya skauti ya Chiriku anaishusha. Nikamuuliza, kwa upole, unafanya nini hapo, shoga yangu? Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyerukwa na akili. "Watoto wanakua," akasema. "Ukingoja mpaka wazazi wenyewe waone, magoti yako nje." Nikaiacha suruali nikaondoka bila kusema inataka nini. Njiani nikamsikia nyuma yangu anacheka, anamjibu mtu: "Nikiupumzisha! Haya, usiupumzishe basi." Nilitembea upesi kuliko umri wangu unavyoruhusu.

Lakini mnisikilize vizuri. Mwenye kuomboleza ana haki ya kuomboleza atakavyo, na kama angekuwa peke yake na cherehani yake, nani angemwingilia? Shida ilikuwa Kinyonga. Mtoto yule alikuwa hai, na hakuwa na mtu. Wenzake wakitembea wameshikana mikono, yeye wa kwake unaning'inia. Wakivuka barabara wawili wawili, yeye anavuka na hewa. Kinyozi aliliona hilo. Akaja mtoto mpya, binti wa dereva wa lori, hana mwenzi, na kinyozi akaona riziki imejileta.

"Mama Chiriku," akasema, "huyu tumpange na Kinyonga."

"Kinyonga ana mwenzake."

"Dada yangu, mtoto anatembea mkono mtupu. Akianguka shimoni nani atasema?"

"Mimi nasema kila Jumamosi. Hunisikii?"

"Nakusikia," kinyozi akasema. "Ndiyo maana sipati usingizi."

Mama Chiriku hakuzungumza naye wiki nzima. Binti wa dereva akaunganishwa na wawili wa Kijani, wakawa watatu, na Kinyonga akabaki alivyo. Kinyozi akaenda kwa muuza mkaa, bibi yake Kinyonga, kumwambia amtoe mtoto. Bibi yule alikuwa anapima mkaa kwenye kopo, hakuinua kichwa. Akasema mjukuu wake amekataa kutoka, na yeye hawezi kumlazimisha kumwacha mtu mwenye msiba. Kinyozi alidhani amesikia vibaya. Hakuuliza zaidi.

Ikafika siku ya matembezi. Kila muhula wadogo walipandishwa kilima kilicho nyuma ya matangi ya maji ya mji, kupitia msitu wa mikaratusi, wakaangalia mji kutoka juu, wakala walichofungashiwa, wakashuka. Njia ni nzuri, ila upande mmoja kuna machimbo ya zamani ya kokoto. Wachimbaji waliondoka zamani, mvua ikayajaza maji. Kingo zake ni udongo mlaini, na chini hakuna anayejua kina. Kila mzazi alijua machimbo yale na kila mtoto alikatazwa. Ndiyo maana majina yaliitwa mara kwa mara: mwanzo wa msitu, kileleni, tena mwisho wa msitu wakati wa kushuka.

Kupanda walipanda vizuri. Kuteremka, wingu likawafunga. Mwanga chini ya mikaratusi ukapungua mpaka skafu za Njano tu ndizo zilizoonekana. Upepo ukaanza kuyavuta magome yaliyobanduka, yakawa yanagonga shina kama mtu anabisha hodi. Watoto wakaacha kuimba. Walipotokea mwisho wa msitu matone mazito yalikuwa yameanza, na Mama Chiriku akaita majina haraka haraka, na wenzi wakajibu haraka haraka, Nyekundu, Bluu, Kijani, Njano.

"Kinyonga!" Na bila kuvuta pumzi, kwa ile sauti nyingine: "Mwenzangu yupo!"

Radi ikapasua. Jina la mwisho halikuitwa. Watoto walikurupuka, na wote, viongozi kwa watoto, wakakimbilia kibanda cha mlinzi wa matangi.

Mlinzi, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, aliwafungulia akawasogezea mabenchi. Mvua ikapiga bati hata watu wakawa wanasemeshana kwa kupayuka. Kinyozi, akikamua maji kwenye shati lake, akasema, "Hatukumaliza kuita." Na alikuwa sawa, kuita kunamalizwa. Mama Chiriku akasimama katikati ya kibanda.

"Chiriku!"

Mvua tu.

"Chiriku!" akaita tena, kwa nguvu.

Hakuna aliyesema yuko njiani. Jamani, hapo ndipo Mama Chiriku alipopatwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa kwa ajili ya mwanawe, ambaye hakuwa wa kuhofiwa tena. Alijiuliza kwa nini leo hayuko njiani, ameenda wapi, nani amemzuia. Akapandwa na hasira.

"Kinyonga, mwenzako anaitwa! Mbona hujibu?"

Kiranja wa Njano, mwenye utepe wake begani, alinyanyua mkono taratibu. "Kiongozi, Kinyonga hayupo."

"Nimeshasema yupo!"

"Hayupo," kiranja akasema. "Hakuingia na sisi."

Mama Chiriku akawatazama Njano mmoja mmoja. Walikuwa wanne wamebanana kwenye benchi, na mwisho wa benchi kulikuwa na nafasi. Kwa muda wote ule alikuwa akiiona nafasi hiyo kila Jumamosi, na aliizoea. Safari hii ilikuwa kubwa zaidi. Ilikuwa ya watoto wawili.

Hakuchukua mwavuli. Kinyozi alimpigia kelele angoje, kisha akabaki, kwa sababu lazima mmoja abaki na watoto. Mlinzi ndiye aliyemfuata, polepole, magoti yake hayakuwa ya kukimbia.

Alirudi msituni mbio, anateleza, anashika mashina. Nataka ujue alichokuwa akikifikiria, maana alinisimulia mwenyewe baadaye, tukiwa tumekaa kwenye meza yake ya kukatia. Alikuwa anafikiria maji ya machimbo, na alikuwa anafikiria nani atamwambia muuza mkaa. Alifika ukingoni, akachungulia. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yamejaa vishimo vya mvua, na hayakuonyesha kitu. Akaita.

"Kinyonga!"

Na hapo, anasema, alisikia koo lake mwenyewe linajiandaa kuitikia. Sauti ilikuwa imeshafika mdomoni, nyembamba, ya haraka, ina furaha. *Mwenzangu yu...* Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akajibana mpaka meno yakakata mdomo. Alimwogopa mwanawe. Alinena hivyo hivyo, kwamba kwa mara ya kwanza alimwogopa mtoto aliyemzaa, kwa sababu angesema mtu yupo, kumbe mtu yuko chini ya maji.

Akaita tena, mdomo una damu, akangoja. Hakujibu mtu. Akaita mara nyingine na akanyamaza kabisa, yeye na yule mwingine. Ndipo kikaja kilio kidogo kutoka upande wa juu, si majini, kwenye kona ya njia.

Kinyonga alikuwa amechuchumaa chini ya mkaratusi, amelowa chapachapa, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi kimejaa tope. Hakuwa ameumia. Alikuwa amekaa hapohapo, kama sheria ilivyosema.

Mama Chiriku alimwangukia, akampapasa kichwa, mabega, miguu, kama anampima nguo. "Mbona hukupiga kelele? Mbona hukuita, mwanangu?"

"Kiatu kilinasa," Kinyonga akasema, meno yanagongana. "Nikasikia unaita majina. Nikawa naja. Halafu nikasikia umesema nipo." Akafuta pua kwa skafu. "Nikapiga kelele, lakini ulikuwa umeshasema nipo. Mkaondoka."

Mama Chiriku akakichukua kile kiatu, akaanza kukitoa tope.

"Basi nikakaa nimngoje mwenzangu," mtoto akasema.

"Mwenzako haji." Ilimtoka kama mtu anayetapika. "Kinyonga, nisikilize. Mwenzako haji. Chiriku alikufa."

"Najua."

"Unajua?"

"Tulienda kumzika. Mimi nilishika maua." Kinyonga alimtazama kwa mashaka, kama anayehofia ameharibu kitu. "Bibi ndiye alisema tusikwambie. Alisema moyo wako bado haujapata habari, na tusiwe sisi watoto wa kuupelekea. Alisema ukiuliza, tuseme yuko njiani."

Mvua ilikuwa inapungua. Mama Chiriku alikaa kwenye tope, akamvuta mtoto wa watu kifuani, na habari ikaufikia moyo. Akalia. Hakulia kwa kujizuia wala kwa staha. Alipiga ukelele ule ambao watu wakiusikia usiku huvaa wakatoka bila kuuliza ni nyumba gani.

Mlinzi aliusikia akiwa bado kwenye mteremko. Akasimama, akavua kofia yake ya sufu, akaikandamiza kifuani. Kisha akajikokota mpaka kwenye kona, macho yakitafuta maiti. Akamkuta mwanamke anagaagaa, na mtoto aliye hai kabisa, mguu mmoja peku, amemshika mkono na anampigapiga mgongoni.

"Mama, nyamaza," mlinzi akasema, amechanganyikiwa. "Si huyu hapa mtoto, mzima? Unamlilia nani tena?"

Mama Chiriku akazidi kulia. Kinyonga akageuka, akamtazama usoni mwanamke yule, kama alivyofundishwa, ndipo akamjibia.

"Si mimi, babu," akasema. "Ni mwenzangu."